Umri wa Bastola

Baba alipofariki aliacha mjane mmoja, watoto watatu, nyumba ya vyumba sita jirani na Soko la Kariakoo, na bastola. Mjane, watoto na nyumba, kila mtu mtaani alijua vifanyweje. Bastola ndiyo iliyotutoa jasho.

Alikuwa nayo kihalali. Enzi za mkoloni alikuwa akinunua korosho Rufiji na kuzileta mjini kwa lori, na kwa kuwa alisafiri na fedha za watu aliomba kibali cha silaha akapewa. Baadaye korosho zikaingia ushirika, safari zikaisha, baba akafungua kiduka cha mafuta ya taa na viberiti, na bastola ikastaafu. Alichobaki nacho ni ile safari ya mara moja kwa mwaka: anavaa koti, anaenda kituo cha polisi kuhuisha kibali, anarudi, anaizungushia kipande cha flana na kuirudisha kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Sikuwahi kuisikia ikilia.

Mimi ndiye mtoto mkubwa. Wadogo zangu walikuwa bado shule ya msingi. Nilikuwa napiga taipu katika ofisi moja ya umma kule Mchafukoge, na kabla ya hapo nilikuwa nimekaa mwaka mzima kambini kulitumikia taifa na vijana wenzangu, tukilima, tukikimbia alfajiri, tukifundishwa bunduki. Nililenga shabaha vizuri, hata mkufunzi wetu akasema inasikitisha kwamba mimi ni mwanamke. Sikumjibu kwa kuwa ilikuwa kambini. Mahali pengine angejibiwa.

Sasa niseme kwa nini bastola ile ilitusumbua. Baba alikuwa na mdogo wake mmoja tu, tumbo moja, fundi wa mabehewa katika karakana ya reli pale Gerezani. Baba mdogo alikuwa mtu mpole anayependa watoto, lakini alikuwa na hasira za moto wa makuti. Mwaka mmoja kabla ya msiba mkewe alimwacha, akaenda kuishi na fundi magari mwenye karakana yake hapo hapo njiani, kati ya kwetu na Gerezani. Kila siku baba mdogo alipita mbele ya karakana ile, kwenda kazini na kurudi. Na siku moja, kwenye benchi la kahawa, mbele ya wazee wote, alisema, "Kaka akiniazima ile yake dakika tano tu, yule fundi hatafungua tena boneti ya gari."

Watu walicheka. Baba mwenyewe alicheka, kisha akamwambia, "Hapana," na mazungumzo yakahamia kwenye mpira. Lakini baba alipokufa hakuna aliyecheka tena. Mama aliniambia siku ya tatu ya msiba, wageni wakiwa bado wamejaa uani: "Ile silaha isimfikie shemeji yangu. Ikimfikia, tutazika mtu wa pili, na wa tatu atanyongwa na serikali." Mama hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Kilichotuokoa mwanzoni ni eda. Mama aliingia chumba cha ndani, akavaa nguo nyeupe, na kwa miezi minne na siku kumi hakutakiwa kuonekana na mwanamume yeyote anayeweza kumwoa. Shemeji ni mmoja wao. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda alichokalia mama, na ufunguo ulifungwa kwenye pindo la nguo yake. Baba mdogo angeweza kuja mpaka ukumbini, akasalimia kupitia pazia, akaondoka. Hakuna kufuli lililowahi kutengenezwa linaloweza kumzuia mtu kuliko pazia lile. Tatizo ni kwamba eda ina mwisho wake, na kila aliyejua kuhesabu siku aliujua.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, wazee walikaa ukumbini kugawa vitu vya marehemu. Kanzu mbili zikaenda kwa mwalimu wa madrasa, saa ikawekwa kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume, bakora ikapewa rafiki yake wa kahawa. Vitu vikaisha. Ndipo baba mdogo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na bastola? Mimi naiomba."

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la haluwa. Halafu sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia: "Ile ina kibali cha serikali, wazee wangu. Haigawiwi kama kanzu. Mkubwa wa watoto ndiye anayeiombea kibali. Ameshaanza."

Sikuwa nimeanza chochote. Nilikuwa hata sijui kinaanzia wapi. Wazee wote walinigeukia, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua anachokifanya. Mmoja alinong'ona kwamba mwanamke na bastola wapi na wapi. Mwenzake akamkumbusha kwamba nilikuwa kambini. Baba mdogo akachukua kipande cha haluwa, akaondoka bila kukila.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Siku hizo hukuweza kupata kitu bila barua ya balozi, iwe kitanda hospitalini au mchele duka la ushirika. Balozi wetu alikuwa muuza mkaa, na barua zake zote zilikuwa na alama ya kidole gumba cheusi, alama ambayo maofisini waliiamini kuliko mhuri. Aliandika kwamba mimi ni mkazi wake, nina tabia njema, najitegemea, tena ni mtu mzima. Alipofika hapo akainua kalamu.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ishirini na mmoja. Mama anasema."

"Mama anasema, au unayo?"

"Anasema ninayo."

Aliandika "mtu mzima" akaacha namba. Nilidhani ni uvivu. Kumbe mzee alikuwa na akili kuliko mimi.

Kituoni nilipokelewa na askari wawili wa kaunta. Wa kwanza alisoma barua ya balozi, akachukua cheti changu cha shule, akakiangalia, akaniangalia. Kwa cheti kile nilikuwa na miaka kumi na tisa.

"Bastola haipewi mtoto," akasema.

"Mtoto ni nani?"

"Wewe hapa."

Mwenzake akamkatiza, akasema mtu mzima ni miaka kumi na minane, kila mahali. Wa kwanza akasema hiyo ni ya mambo mengine; ya bastola ni ishirini na mmoja. Wa pili akasema mbona shemeji yake kule shambani alipata gobole la kufukuzia nguruwe akiwa hana hata ndevu. Wa kwanza akamweleza, kwa subira ya mwalimu wa darasa la pili, kwamba bunduki ndefu ni kitu kimoja na bastola ni kitu kingine, kwa sababu bunduki ndefu kila mtu anakuona unakuja nayo, na bastola unaificha ndani ya kanga. Aliposema kanga akaniangalia mimi. Nikamwambia kanga yangu ina kazi nyingine.

Wakaleta kitabu kikubwa cha sheria, cha Kiingereza, kilichoandikwa kabla sijazaliwa. Wakanipa mimi nisome, maana mimi ndiye mpiga taipu. Nilisoma ukurasa mzima. Maneno yote nilikuwa nayajua, sentensi hata moja sikuielewa. Kila kifungu kilitoa ruhusa kwa mkono mmoja na kuichukua kwa mkono wa pili, kisha kikasema tazama kifungu kingine, na hicho kingine kilikuwa kwenye ukurasa uliochanika. Nilianza kuchanganyikiwa siku ile, na sijui kama nimemaliza.

Mwishowe wakanipeleka kwa mkuu wao wa silaha. Alikuwa mtu wa kusini, Mkristo, mwenye sauti ya chini, na meza isiyo na kitu juu yake isipokuwa faili la mtu anayemhudumia. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo maofisini si la kawaida.

"Ndugu," akasema, "hapa kwangu bastola simpi mtu aliye chini ya miaka ishirini na mmoja. Na akifikisha, lazima anipe sababu ya kuihitaji, nami niikubali. Wewe karatasi yako inasema kumi na tisa."

"Afande, kambini mlinipa bunduki."

"Kule ulikuwa na mtu wa kukuambia lini ufyatue."

Nikamuuliza basi silaha ile ifanywe nini. Akasema mjane ailete mwenyewe kituoni na kusaini. Nikamwambia mjane yuko eda. Akasema anaiheshimu eda, hatatuma askari kwenye chumba cha mjane. Nikasema basi niilete mimi. Akasema nikionekana nayo barabarani bila kibali atanikamata mimi. Kwa hiyo aliyeruhusiwa kuibeba haruhusiwi kutoka, na aliyeruhusiwa kutoka haruhusiwi kuibeba. Nilimweleza hivyo. Akakubali kwamba ndivyo.

"Siku akitoka eda," akasema, "aje nayo siku hiyo hiyo. Nitampa yule mwenye sifa ambaye jina lake litakuwa kwenye faili." Kisha akauliza, akiwa ameshika kalamu, "Marehemu hana ndugu wa kiume mtu mzima?"

Nikasema, "Anaye mdogo wake."

Nilijibu kabla ya kufikiri, kama mtoto anayejibu hesabu. Akauliza kazi yake, nikasema reli. Akasema vizuri sana, mtu wa reli ana kadi ya kazi na rekodi safi, huyo hata wiki haitamchukua. Akaandika. Niliiona kalamu ikiandika jina la baba mdogo kwenye faili la bastola, kwa msaada wangu mimi.

Nilirudi nyumbani nikaingia chumba cha mama bila hata kuvua viatu. Nikamuuliza, "Mimi nina miaka mingapi?"

Mama aliacha tasbihi. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba. Akanieleza. Nilichelewa kuanza shule kwa sababu niliugua sana utotoni, halafu nikawekwa chuoni nikahitimu Kurani kwanza. Baba aliponipeleka shule ya serikali, mwalimu akasema nimezidi umri, wanataka wadogo. Baba akatoka nje, akazunguka jengo, akaingia tena kwa mlango wa pili kwa mwalimu mwingine, akanipunguza miaka miwili. Nilikuwa mwembamba, wakakubali.

"Na hakuniambia?"

"Ungekwenda kusema. Ulikuwa na mdomo."

Nilimkasirikia baba siku ile, Mungu anisamehe, na kaburi lake halijaota hata jani. Ile miaka miwili aliyoiiba ndiyo iliyonipa kusoma, kusoma kukanipa mashine ya taipu, na mashine ya taipu ndiyo iliyokuwa ikitulisha sote. Sasa miaka ile ile ilikuwa inampelekea mdogo wake bastola mkononi. Sikujua nimshukuru au nimlaani. Posa zilikuwa zimeshakuja mara mbili, na hakuna aliyeniomba cheti. Kuolewa umri ulikuwa umefika. Kubeba bunduki ya taifa ulikuwa umefika. Ila kulifungia sanduku la baba yangu mwenyewe, hapo ndipo nilipokuwa mtoto. Mimi sina subira, na mkanganyiko hunitoa machozi ya hasira, si ya huzuni. Nililia nimekaa juu ya sanduku lile.

Baada ya wiki nyingi za kuzunguka maofisini, karani wa mahakama ya mwanzo alinipa njia. Alisema umri husahihishwa kwa kiapo: mtu aliyekuwapo siku ya kuzaliwa aje aape mbele ya hakimu, na akiwa na maandishi yoyote ya wakati ule ni bora zaidi. Nikamuuliza kama mama anaweza kuapa akiwa nyumbani. Akasema hakimu hahamishi mahakama. Mkunga aliyenizalisha alikuwa amekufa. Bibi alikuwa amekufa. Baba ndiye huyo tuliyemzika.

"Mwingine nani alikuwapo?" nikamuuliza mama.

Alijua jibu kabla ya swali. Nikaona anavyofumba macho. "Baba yako mdogo," akasema.

Zilikuwa zimebaki siku tisa eda iishe. Kwa siku mbili sikwenda popote ila kazini. Nilikuwa nakosea herufi ofisini mpaka bosi akaniuliza kama ninaumwa. Nilichokuwa nikitakiwa kufanya hakikuwa na kichwa wala miguu: nimwendee mtu, nimwombe aape, ili kiapo chake kinipe haki ya kumzuia yeye. Nikimwambia sababu, atakataa na atawaka. Nisipomwambia, nimemdanganya mtu ambaye mpaka leo hajawahi kunidanganya mimi. Nikachagua kutomwambia. Naliandika hili nikiwa na aibu.

Nilimkuta Gerezani saa ya chakula, nje ya karakana, amekaa juu ya kipande cha reli anakula mihogo ya kukaanga kwenye gazeti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna. Nataka uje mahakamani uniapie umri. Shuleni waliniandika vibaya."

Alitafuna, akameza, akajifuta mikono kwenye ovaroli. "Ni kwa ajili ya kibali cha bastola?"

Ulimi ukanishinda kudanganya. "Ndiyo."

"Nitakuja Alhamisi," akasema, akanisogezea gazeti nichukue muhogo. Nikachukua, nikala. Hakuniuliza lingine.

Alhamisi alikuja na ovaroli ya kazi chini ya kwapa, amevaa shati jeupe la Idi, lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Hakimu akamwapisha kwa Kurani, akamwambia aeleze anachokijua. Nilitazamia maneno mawili matatu. Akaeleza kwa robo saa.

Alisema mwaka ule mvua zilikuwa kubwa na bonde lote la Jangwani lilijaa maji. Yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, akiishi kwa kaka yake. Shemeji yake alishikwa na uchungu asubuhi, na mkunga waliyemtaka alikuwa Magomeni, ng'ambo ya maji. Kaka yake alikuwa safarini Rufiji. Basi yeye alivuka maji yakiwa kiunoni, akamkuta mkunga, mama mnene, mwoga wa maji, akamweka mgongoni akarudi naye. Mkunga alikuwa ameuweka mkoba wake juu ya kichwa cha huyo aliyembeba, na alimtukana njia nzima kwamba anayumba. Walipofika, shemeji alikuwa amebakisha kidogo ajifungue. "Nilikaa uani nimeloa," akasema, "nikasikia analia. Huyu hapa. Mimi ndiye niliyetangulia kumshika kuliko baba yake, kwa sababu baba yake alirudi siku ya nne."

Hakimu akauliza atajuaje ni mwaka gani. Baba mdogo akatoa mfukoni kadi yake ya kazi ya reli, ya kwanza kabisa, imelainika kama kitambaa, na mhuri wa tarehe juu yake. Aliajiriwa wiki moja baada ya mimi kuzaliwa. Alikuwa amekwenda kuomba kazi, alisema, kwa sababu nyumbani kumeongezeka mtu.

Nilikuwa sijui. Miaka ishirini na mmoja nimekula kwenye sahani moja na mtu huyu sikukuu zote, sikujua. Hakimu akagonga mhuri, nikawa mtu mzima saa nne na nusu asubuhi, na sikuwahi kujisikia mtoto kama dakika ile.

Kutoka hapo tulikwenda moja kwa moja kituoni, kwa sababu afande alikuwa amesema mzee wa ukoo aje kuthibitisha. Tulikaa mbele ya ile meza tupu. Afande alisoma kiapo, akalinganisha na cheti, akaandika umri mpya kwa kalamu nyekundu. Akanipa fomu. Mimi fomu huzijaza kwa kazi. Ofisini walikuwa wakiniletea zao niwajazie. Nilijaza jina, anuani, kazi, umri. Nikafika kwenye mstari uliosema: Sababu ya kuhitaji silaha.

Nikaandika, "Ulinzi."

"Wa nini?" afande akauliza.

"Wa mali."

"Mali gani, ndugu? Kiduka cha viberiti?"

Jibu lilikuwa limekaa kwenye kiti cha pili, limevaa shati la Idi. Afande alinisubiri, kisha akamgeukia.

"Ndugu, mimi nashangaa kidogo. Wewe ndiye mdogo wa marehemu. Mtu mzima, fundi wa reli, huna kosa lolote. Jina lako hapa ninalo zaidi ya miezi miwili sasa. Kwa nini tunamhangaisha binti? Kwa nini isije kwako?"

Nilijua sasa ndiyo basi. Nilitazama sakafu, nikaona viatu vya baba mdogo, vimepakwa rangi upya kwa ajili ya mahakama.

"Andika kwamba mdogo wa marehemu asipewe," akasema.

"Asipewe?"

"Asipewe. Leo wala siku nyingine. Hata akija mwenyewe kuomba."

Afande aliweka kalamu chini. "Kuna sababu?"

"Ipo."

"Inanihusu mimi?"

"Ukiandika hivyo, haitakuhusu."

Kisha afande akachukua kalamu akaandika, taratibu, na kuisoma kwa sauti, na baba mdogo akatia sahihi chini yake. Afande akanigeukia mimi.

"Na wewe, sababu yako ilikuwa hiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi huihitaji tena. Mama akitoka eda aje nayo, itabaki serikalini." Akaikunja fomu yangu mara mbili, akanirudishia. Nimehangaika miezi mitatu kuwa mtu mzima, na nilipoupata utu uzima wakaniambia hauna kazi. Nilifurahi na nilikasirika kwa pamoja, na mpaka leo nikifikiria siwezi kuzitenganisha.

Tulitoka nje. Jua lilikuwa kali, na upande wa sokoni mafundi walikuwa wakigonga nondo za soko jipya, kelele tupu. Baba mdogo alisimama chini ya kibaraza cha duka lililofungwa.

"Mngeniambia," akasema.

"Tungekuambia nini, baba mdogo? Uliiomba mbele ya wazee."

"Niliiomba. Na usingizi sijaupata tangu siku ile, kwa kuogopa kwamba mtanipa." Alikuwa haniangalii, anaangalia barabara. "Kaka alikuwa ananiambia hapana. Nilikuwa naropoka, ananiambia hapana, inaisha. Alipokufa nikasema nitazame nani sasa ataniambia. Nimengoja. Mmeweka pazia, mmeweka ufunguo, umekwenda polisi, umekwenda mahakamani. Hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni akaniambia hapana."

Nilitaka kusema kwamba tulimwogopa. Nilitaka kusema kwamba nilidhani mimi si mtu wa kumwambia hapana baba yangu mdogo, kwamba kwetu mtoto hamkatazi mzazi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Saa ya kazi imefika," akasema. "Nisindikize mpaka Gerezani."

Ofisini walikuwa wananingoja, lakini nilimsindikiza. Tulikwenda pamoja, na hatua zikawa fupi kadiri tulivyokaribia ile kona ambayo ukiingia kushoto unapita mbele ya karakana ya fundi magari. Sauti ya nyundo juu ya bati ilisikika kutoka kule. Pale konani alisimama. Alinishika mkono, mtu mzima na ovaroli yake chini ya kwapa, barabarani mbele za watu, na miguu yake ilikuwa tayari imegeukia kushoto.

"Hapana, baba mdogo," nikamwambia. "Tupite huku."

Tukapita huku.